Mtafiti aingie Bungeni



Huko Uingereza, mwanafunzi wa doktora anaweza kuacha maabara miezi 3 na kufanya staji Bungeni, katika ofisi ya sayansi inayoitwa POST. Posho yake ya masomo haikatwi. Anaandika kurasa chache juu ya jambo moja, maji ao nishati, kwa lugha ambayo mbunge asiyesoma sayansi anaelewa. Akitoka, anajua sheria inapita wapi na bajeti inakatwa na nani. Wengine wanarudi kwenye utafiti na maswali mapya, wengine wanakuwa washauri wa serikali. Kumbe doktora si ya kufundisha tu!

Sisi wa Goma tuko na Nyiragongo juu, na gesi ya methane ndani ya ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka, watu wakakimbia bila kuonywa na serikali. Watafiti wa volkano wako hapa hapa mjini. Lakini kati yao na mwenye kusaini, nani anatafsiri?

Tunaomba Bunge la Kinshasa na bunge za majimbo zifungue staji kama hiyo, na ilipwe. Staji ya bure njo ya watoto wa wakubwa.