Samadi ya Zizini na Moto wa Jikoni



Wenye mifugo wa Mambrui, Gede na Takaungu hutuuliza: je, yafaa kupikia gesi itokanayo na samadi? Na je, samadi yauzwa?

Tuanze na kazi yenyewe. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikamiminwa katika tangi lililofukiwa ardhini, lisiloingia hewa. Humo huvunda, ikatoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Gesi hiyo hupita katika bomba hadi jikoni, ikawaka kwa mwali wa buluu pasipo masizi. Rojo litokalo upande wa pili ni mbolea ya migomba na mboga. Ng'ombe wawili au watatu walishwao zizini hutosheleza jiko la nyumba moja. Wachungwao mbali huiacha samadi yao njiani. Wala jambo hili si geni kwetu: shamba la Kilifi Plantations, lenye ng'ombe wa maziwa na katani, lilijenga mtambo wa kupata umeme kutokana na samadi na mabaki ya katani.

Ama hukumu, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kinyesi cha mnyama ni najisi hata akiwa wa kuliwa. Imamu Malik na Imamu Ahmad wamekiona cha mnyama aliwaye kuwa tohara. Lakini kitu kuwa najisi hakumaanishi kwamba kila manufaa yake ni haramu. Wanazuoni wetu wameruhusu kurutubishia ardhi, na mazao yake ni halali. Chakula nacho kimo ndani ya sufuria, hakikuguswa na samadi. Hata moshi mchache wa najisi wameusamehe. Lililo wajibu ni kuosha mikono na nguo kabla ya Sala.

Kuhusu kuuza, kwetu biashara ya najisi haisihi. Hata hivyo mafakihi wametuonyesha njia: mwenye samadi huondoa mkono wake, akamwachia mwenziwe haki yake kwa malipo, pasipo kufunga mkataba wa bei. Wapatanao wakilijua hili, riziki yao itakuwa safi.

Twalisema hili kwa sababu wako wanaoikimbia samadi kwa kuchelea najisi, huku wakinunua makaa kila wiki. Makaa hayo ni miti, na msitu wa Arabuko-Sokoke hauna mwingine wa kuushika mkono. Moshi wa kuni nao huingia katika vifua vya mama zetu na wana wetu. Kuacha neema ioze mvuani na kuharibu nyingine msituni ni israfu maradufu.

Surat An-Nahl, aya ya 66, yatukumbusha kuwa maziwa safi hutoka baina ya kinyesi na damu. Basi mwenye zizi na atazame tena kilichomo zizini mwake.

Wabillahi tawfiq.