Bure, Lakini Si Bila Jina

Tuache mzaha. Ukimsahau aliyekusaidia umemnyang'anya kitu, hata kama kitu chenyewe alikitoa bure.

Chukua GDB, programu huria ya kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine. Unaisimamisha programu ikiwa bado inatembea, unachungulia kumbukumbu yake, unaona ilipojikwaa. Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986. Lakini fungua mwongozo wake: kuna sehemu nzima ya kuwataja waliochangia. Wanakiri kwamba hawawezi kumtaja kila mtu, na kwamba rekodi za siku za mwanzo, kabla ya toleo la 2.0, zimepotea. Halafu wanasihi: kama wewe, rafiki yako au hata adui yako ameachwa, sema, tutaongeza jina.

Hata adui! Huo ndio uungwana ninaoutaka kwenye miradi yetu.

Kwa sababu ninayoyaona ni mengine. Msichana anakesha na laptopu ya kuazima, bando ikiisha, mpaka anapata hitilafu inakotoka na kueleza hatua kwa hatua jinsi ya kuifanya itokee tena. Mwenye mradi anaandika mistari mitatu ya kurekebisha, na jina linalobaki ni lake peke yake. Mistari mitatu! Kazi ilikuwa kuisaka, msee, si kuiandika.

Wengine watanijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, lakini mimi siombi sifa, naomba rekodi. Jina kando ya badiliko linaonyesha nani wa kuulizwa mambo yakiharibika. Na kwa kijana wa Nairobi asiye na mjomba ofisini, rekodi hiyo ndiyo CV yake.

Wala usiniambie eti ni ngumu. Git huhifadhi jina la aliyeandika badiliko kando na la aliyeliingiza. Watu wa kernel ya Linux huongeza mstari wa kumtaja aliyeripoti hitilafu, na mwingine wa aliyejaribu marekebisho. Programu haipungui kasi hata kidogo.

Kwa hivyo, wewe unayeongoza mradi, kabla ya kutoa toleo lijalo pitia ripoti zote uandike majina: aliyeripoti, aliyejaribu, aliyeandika maelezo, aliyetafsiri. Na wewe uliyeachwa, usinyamaze eti usionekane unajipigia debe. Dai jina lako. Ulitoa kazi yako bure, hukusema wakufute.