Timbilil Miaka 75: Mchai Mmoja, Matawi Mengi

Mkulima wa Konoin akiona mchai mmoja katikati ya shamba umegeuka manjano huku majirani zake wote ni kijani kibichi, hupiga magoti akaukwangua kwa kisu pale shina linapoingia udongoni. Gome likibanduka na chini yake pakawa na utando mweupe unaonuka uyoga, amekwisha kujua. Ni Amilaria, kuvu inayojificha kwenye mizizi ya miti ya msituni iliyokatwa zamani ikaachwa ardhini. Mchai huo hauponi. Hung'olewa na mizizi yake yote, na michai ya kandokando ikachunguzwa mmoja baada ya mwingine.

Kinga ya ugonjwa huu haikutoka kwenye chupa ya dawa. Katika miaka ya 1930 huko Nyasaland, yaani Malawi ya leo, mtafiti aitwaye R. Leach alionyesha kwamba mti wa msituni ukiambuliwa gome kuuzunguka shina, ukaachwa ufe ukiwa umesimama, ndipo ukakatwa, mizizi yake haiifai tena Amilaria. Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome. Njia hiyo ikikatwa, mizizi hula akiba yake ya wanga mpaka ikaisha, na kuvu nyingine zisizoudhuru mchai huwahi kuingia. Aliyegundua hayo alihitaji kuijua fiziolojia, elimu ya namna kiumbe kinavyofanya kazi ndani yake. Alihitaji pia elimu ya kuvu, na ekolojia, inayochunguza viumbe wanavyoishi pamoja na kugombea nafasi. Mkulima anayezungusha panga kwenye gome anazitumia zote tatu asubuhi moja.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu mwaka huu wa 2026 taasisi ya utafiti wa chai ya Timbilil, Kericho, inatimiza miaka 75. Ilizaliwa 1951 kwa jina la Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mambo yakabadilika, na 1980 kazi ikarithiwa na Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya. Sheria ya 2013 ikaileta chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Vibao vya langoni vimebadilishwa, lakini michai ya majaribio imebaki palepale. Nasi tunaisherehekea kwa jambo moja kubwa: imeyaweka matawi ya biolojia katika ua mmoja, yakitazama mmea mmoja.

Shuleni mambo ni mengine. Watoto wetu hukariri kwamba botania ni mimea, zoolojia ni wanyama, mikrobiolojia ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, jenetiki ni urithi, na baada ya mtihani orodha hiyo hubaki daftarini. Wengi wao wamelipiwa karo kwa majani ya chai, na hawajaambiwa kwamba orodha yote ipo nyuma ya nyumba yao.

Mtazame mkulima kwenye kitalu chake. Anachukua tawi changa na wembe mkali, anakata pingili yenye jani moja na kipande cha shina cha sentimita 3 au 4, anaichomeka kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko haujazwi udongo mweusi wenye mboji ambao angeupa sukumawiki. Juu kabisa unawekwa udongo mwekundu wa chini, mchachu, usio na rutuba nyingi, maana hapo ndipo pingili hutoa mizizi vizuri. Kisha kitalu kinafunikwa kisikauke. Kwa nini ajisumbue hivyo, na mbegu zipo? Jenetiki inajibu. Mchai hupenda kuchavushwa na mchai mwingine, kwa hiyo mbegu mia moja ni watoto mia moja wasiofanana: huyu ana mazao, yule ana ladha, wa tatu hana hata kimoja. Pingili haina mchanganyiko. Ni mama yuleyule tena.

Ndiyo maana mti mmoja bora uliochaguliwa Kericho, ule wa namba 6/8, umesimama leo katika mashamba ya maelfu ya wakulima ambao hawajawahi kuuona mti wa kwanza. Mwaka 1995 Francis Wachira, mwanajenetiki ambaye baadaye aliiongoza taasisi hii, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliopima undugu wa michai ya Kenya kwa kutumia DNA, wakaweza kutenganisha ukoo wa China, wa Assam na wa Kambodia. Wataalamu wa uainishaji, wale wanaowapa viumbe majina na kuwapanga katika jamaa zao, walikuwa wamelihangaikia jambo hilo tangu Linnaeus alipouita mchai Thea sinensis mwaka 1753. Leo jina lake ni Camellia sinensis.

Chai ya zambarau, namba 306, ilitolewa kwa wakulima 2011 baada ya takriban robo karne ya kazi. Rangi yake hutokana na kemikali ya mmea iitwayo anthosianini. Ni fahari ya taasisi hii, lakini kwa haki ya wakulima tuseme wazi kwamba waliowahi kuipanda walisumbuka kupata kiwanda cha kuyachukua majani yake. Sayansi ilifika shambani kabla ya soko.

Baiokemia, elimu ya kemia ndani ya kiumbe, utaisikia kwa pua ukiingia kiwanda cha Kapkoros au Litein. Jani likishasagwa, vimeng'enya vyake hukutana na hewa na kemikali za jani ziitwazo katekini, na rangi ya kijani hugeuka shaba mbele ya macho yako. Wenyewe tunaita kuchachua, ingawa hamira haimo. Mtafiti Okinda Owuor na wenzake walichukua michai ya asili moja wakaipanda sehemu mbalimbali, wakakuta kemia ya majani haifanani. Urithi ni ule ule, mahali pamebadilika, na kikombe nacho kimebadilika.

Zoolojia nayo ina lake. Ukame wa Januari ukija na utitiri, mkulima hudhani ni mdudu kama wadudu wengine. Utitiri una miguu minane. Ni jamaa wa buibui. Anayenyunyiza dawa ya wadudu bila kujua hilo anaweza kuwaua maadui wa utitiri na kuuacha wenyewe ukizaana.

Na juu ya yote kuna mawe ya mvua, ambayo kila nyumba ya hapa ina kumbukumbu yake. Mwaka 1982 watafiti Russell Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha matokeo kwamba vumbi la majani ya chai yaliyoanguka na kuoza lina chembe zinazosaidia barafu kuanza kuganda. Shamba na wingu lililo juu yake huenda vinasemezana. Tangu tuyasome hayo hatupiti katikati ya michai bila kutazama chini.

Sheria ya Chai ya 2020 imeutaja tena Wakfu wa Utafiti, na kuitengea kazi hiyo fungu la tozo ya chai. Fungu hilo lifike, na lifike kwa wakati, kwa kuwa jaribio la mchai huchukua miaka na halisubiri bajeti. Lango nalo lifunguliwe kwa shule. Mwalimu wa biolojia wa Mogogosiek alete kidato chake kizima, kila mwanafunzi apewe tawi moja na wembe, akate pingili yake na kurudi nayo nyumbani ndani ya mfuko. Baada ya miezi michache ataupasua mfuko taratibu kwa upande mmoja, na kuhesabu mizizi.