Upepo Hauna Ghala



Mwaka 1836 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alimtunukia Mfalme William wa Nne wa Uingereza manowari yake Liverpool, yenye mizinga 74. Februari 1899 manowari ya Kiingereza, Eclipse, ilitia nanga Maskati kutishia kulipiga jumba la mjukuu wa Said, Sayyid Faisal bin Turki, Sultani wa Maskati. Kilichopita kati ya miaka hiyo ni makaa ya mawe, na toleo hili zima tumeyatengea hayo.

Sisi wa Al Amerat wenye asili ya Unguja hatuchoki kusimuliana barazani habari za karafuu na majahazi. Makaa hatuyataji, nami naona tunakosea. Jahazi lilishuka na kaskazi, likarudi na kusi, na upepo hauna ghala wala mwenye ghala. Meli za moshi zilipokuja, nguvu ya baharini ikahamia kwa mwenye makaa, na yaliyosifika zaidi yalichimbwa Wales. Dola iliyoitawala bahari kwa pepo za Mungu ikawa mteja.

Ndipo twende Bandar Jissah, nyuma ya milima hii inayotutenga na pwani. Mwaka 1898 Sayyid Faisal aliwaruhusu Wafaransa kuweka makaa ya manowari zao pale. Waingereza wakamkumbusha hati ya siri ya 1891, aliyoahidi ndani yake kutompa yeyote sehemu ya ardhi yake isipokuwa wao. Admirali Douglas akaja na Eclipse, na Sultani akaifuta ruhusa yake mbele ya watu wake. Wapo wanaomlaumu kwa kucheza na mataifa mawili makubwa. Mimi simlaumu. Mwaka 1862 mataifa hayo hayo yaliahidiana kuuheshimu uhuru wa Maskati na Unguja. Yeye aliichukua ahadi kama ilivyoandikwa. Tena mkono wake ulikuwa umebanwa: ruzuku aliyostahili kutoka Unguja, riale 40,000 kwa mwaka, ilimfikia kupitia serikali ya Kiingereza ya India.

Mwaka 1900 wakubwa walipatana. Wafaransa wakapewa nusu ya bohari ya makaa ya Waingereza katika ghuba ndogo ya Makalla, bandarini Maskati. Ardhi ya Sultani, wagawanaji wengine!

Waliokuwa na nguvu nao makaa yaliwatesa. Agosti 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliiteka meli ya mizigo City of Winchester, ikaipeleka visiwa vya Hallaniyat, huku kwetu Oman, ikahamishia makaa yake kwenye matumbo yake yenyewe. Septemba 20 iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ambako ilimalizikia Julai 1915. Meli ya kasi kama ile, na bahari yote ya Hindi mbele yake, ilifungwa na uhaba wa makaa na mashine zilizochoka.

Kilichokosekana katika kurasa hizi ni sauti ya waliobeba makapu. Maadmirali wameandikwa vya kutosha. Mwenye babu aliyepakia makaa Maskati, Unguja au Mombasa, aliyerudi nyumbani na vumbi jeusi kwenye kope, atuandikie. Ukurasa wa mwisho tumeuacha mtupu kwa ajili yake.