Homa ya ini B na makopo ya dawa za Kichina: yafahamu haya kabla hujalipa

Mtu anachangia damu. Kwa kuwa damu yote inayochangwa hupimwa, anaitwa pembeni na kuambiwa ana kirusi cha homa ya ini aina ya B. Haumwi popote. Anauliza atumie nini, anajibiwa: "Haina dawa." Anarudi Makere na karatasi mfukoni, na sokoni anakutana na kopo la unga lenye maandishi ya Kichina. Muuzaji anamwambia dozi ya miezi mitatu inasafisha ini na kutoa kirusi chote. Bei yake ni mbuzi mzima, au zaidi.

Katika kutembelea kaya nimeyakuta makopo hayo zaidi ya mara moja. Siwalaumu walionunua. Muuzaji alijibu swali ambalo sisi watoa huduma tuliliacha bila jibu.

Kwa nini unga unaonekana kuponya

Kati ya watu wazima 100 wanaoambukizwa, takribani 95 miili yao hukiondoa kirusi yenyewe ndani ya miezi sita. Macho huwa ya manjano, hamu ya kula hupotea, kisha mtu anapona. Kama wakati huo alikuwa anakunywa unga, sifa zote huenda kwa unga, na jirani naye hununua.

Lakini huenda jirani aliambukizwa akiwa mchanga. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, 9 hubaki na kirusi. Hujificha ndani ya chembe za ini kwa miaka mingi, na baadhi yao hupata kovu la ini au saratani. Huyo hata akinywa makopo kumi, kirusi kitabaki.

Je, mitishamba ya Kichina haina faida?

Ipo yenye faida. Dawa mseto ya malaria tunayoitumia Tanzania tangu 2006 ina kiini kilichotokana na artemisia, mmea wa tiba ya Kichina. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kukigundua. Ila kiini hicho kilitengwa, kikapimwa, na dozi yake ikajulikana.

Kwa homa ya ini B bado hatujafika hapo. Wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti za mitishamba, ikiwemo jamii ya Phyllanthus, wakaona ni dhaifu mno kuthibitisha kwamba inatibu. Na mingine hudhuru: mzizi uitwao he shou wu umewahi kuharibu ini la baadhi ya watumiaji.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda Baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Muulize muuzaji usajili wake. Hata akiwa nao, usajili si uthibitisho kwamba unga unaua kirusi.

"Haina dawa" ni nusu ya ukweli

Dawa ya kukimaliza kirusi kabisa bado haijapatikana. Dawa ya kukizuia kisizaliane ipo: tenofovia, ambayo pia imo katika vidonge vya ARV. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipanua miongozo yake ili watu wengi zaidi waanze tiba mapema. Si kila mwenye kirusi anaihitaji. Vipimo ndivyo vinavyoamua.

Ukiambiwa unacho, fanya hivi:

- Pima tena baada ya miezi sita. Kikiwa bado kipo, omba rufaa upimwe ini na wingi wa virusi.
- Mwenza na watoto wapimwe. Wasio nacho wachanjwe. Chanjo hii ilianza kutolewa kwa watoto nchini mwaka 2002. Leo imo katika penta ya wiki ya 6, 10 na 14.
- Acha pombe. Usichangie wembe wala mswaki. Kula sahani moja hakuambukizi.
- Kama umeanza dawa za hospitali, usiziache mwenyewe. Kirusi kinaweza kuibuka kwa nguvu.
- Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kama tayari unakunywa unga, njoo nao kopo lake. Hatutakugombeza. Tunataka kujua ini lako limepokea nini.