Jicho linalomwona mjane



Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Unguja. Alipiga picha za wakubwa, kama kazi ilivyomtaka. Lakini alitoka pia mitaani na kamera yake, akapiga vichochoro, majahazi na watu wakiwa katika shughuli zao. Leo picha hizo za mambo ya kawaida zinatufanya tusimame na kutazama. Vichochoro vilikuwapo siku zote. Alichoongeza Oza ni usikivu wa macho.

Sisi wa Kigoma, mgeni akija tunampeleka Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Tunamsimulia habari za Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Ni vyema. Lakini je, tunamwonyesha pia mama anayeanika dagaa mchangani pale Kibirizi? Au wavuvi waliokesha ziwani na taa zao usiku usio na mbalamwezi, ili mimi na wewe tupate kitoweo?

Kumbuka Injili ya Marko, sura ya 12. Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina, akatazama. Matajiri walitia fedha nyingi, na kila mtu aliwaona. Mjane maskini alitia senti zake mbili, na Yesu ndiye aliyemwona. Hakuishia hapo: aliwaita wanafunzi wake ili nao wajifunze kumwona.

Sasa tujiulize kwa ukweli. Siku ya mavuno, parokiani kwetu, majina ya nani husomwa na kupigiwa makofi? Aliyeleta ng'ombe hutajwa. Aliyeleta kisahani cha dagaa hupita kimya. Tunaweza kuisoma Injili ya mjane asubuhi, na kufanya kinyume chake kabla ya baraka ya mwisho. Kwa maoni yangu, desturi hiyo iachwe: wote watajwe, au asitajwe yeyote.

Tena, wapo wanaosafiri mbali kutafuta miujiza, huku jirani yao wa jumuiya ndogondogo hajaonekana wiki tatu na hakuna aliyebisha hodi.

Wiki hii mtafute mtu mmoja unayempita kila siku: mfagiaji wa kanisa, mbeba mizigo wa mwaloni, mzee wa mlango wa pili. Simama. Msalimie, muulize jina lake na habari za nyumbani. Mungu anamfahamu tangu zamani. Ni zamu yako kumfahamu.

Dominika njema.