Fomu Isiwe Ukuta kwa Mtoto wa Maskini

Bunge likisha kupitisha fedha za mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wengi wetu hudhani kwamba kazi imekwisha. Fedha zimepatikana, Bodi ya Mikopo ipo tangu ilipoanza kazi mwaka 2005 chini ya Sheria Na. 9 ya mwaka 2004. Basi kilichobaki ni makarani kugawa na vijana kupokea. Dhana hiyo si sahihi. Kati ya shilingi iliyopitishwa Dodoma na kijana aliyemaliza kidato cha sita huko Kibondo au Newala ipo fomu, na fomu hiyo yaweza kufanya kazi ambayo Bunge halikuikusudia hata kidogo, yaani kumkataa mwombaji kabla hali yake haijafikiriwa na mtu yeyote.

Twalisema hili kwa sababu mabishano juu ya mikopo, mwaka baada ya mwaka, huwa ni juu ya kiasi cha fedha: zimetosha au hazikutosha, fulani kapewa yote na fulani kapewa nusu. Ni mabishano ya haki, nasi hatuyapuuzi. Lakini nyuma yake liko jambo jingine ambalo halisemwi sana, labda kwa sababu laonekana dogo na la kikarani. Ni namna ombi lenyewe linavyoandikwa, linavyopelekwa, na linavyopitishwa.

Asiyeamini kwamba jambo hili ni kubwa na atazame yaliyowapata Wamarekani, watu wenye fedha nyingi na mitambo mingi kuliko sisi. Kule kila mwanafunzi anayetaka msaada wa serikali kuu ili asome chuo hujaza fomu moja iitwayo FAFSA. Kwa fomu hiyo maskini hupata ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2023/24 ilifikia dola 7,395 kwa mwanafunzi, na si mkopo bali ni fedha isiyorudishwa. Fomu ilikuwa na maswali zaidi ya mia moja, mengi yakiuliza mambo ya kodi ambayo mzazi wa kawaida hawezi kuyajibu bila msaada. Watu wakalalamika miaka mingi. Hatimaye, Desemba 2020, sheria ikapitishwa ya kuirahisisha, na serikali ikaahidi kwamba baadhi ya waombaji wangejibu maswali 18 tu.

Nia ilikuwa njema, wala hakuna aliyeipinga. Tazama basi yaliyofuata. Fomu ambayo kwa desturi ilikuwa ikifunguliwa tarehe 1 Oktoba ilichelewa hadi tarehe 30 Desemba 2023, na ilipofunguliwa ikawa inafunguka na kufunga kama duka la mtu mgonjwa. Waombaji waliozaliwa mwaka 2000 walifika ukurasa fulani wakakwama, hawawezi kwenda mbele wala hawaelezwi sababu. Wanafunzi ambao wazazi wao hawana namba ya hifadhi ya jamii, wengi wao watoto wa wahamiaji ingawa wao wenyewe ni raia halali, hawakuweza kukamilisha ombi kwa miezi kadhaa. Wakapiga simu. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ambayo kazi yake yakaribiana na ile ya Mkaguzi Mkuu wetu, ilieleza mwezi Septemba 2024 kwamba katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka huo zilipigwa simu milioni 5.4, na katika hizo milioni 4 hazikujibiwa. Na waliokata tamaa zaidi walikuwa wale wale waliokusudiwa kusaidiwa.

Kosa lilikuwa wapi? Maswali yalipungua kweli. Lakini mtambo mzima ulijengwa upya na kutolewa kwa taifa zima kwa siku moja, kabla ya kujaribiwa vya kutosha na wale watakaoutumia. Wenyewe walilikiri hilo kwa vitendo, maana fomu ya mwaka uliofuata walianza kwa kuwapa wanafunzi wachache tarehe 1 Oktoba 2024, wakakaa nao, wakaona wanapokwama, wakarekebisha, kisha wakaongeza idadi kidogo kidogo, na ndipo mwezi Novemba wakaifungua kwa wote. Safari hii mambo yalikwenda. Utaratibu huo fundi cherehani yeyote wa Kariakoo angaliweza kuwafundisha bila malipo, kwani yeye hamkabidhi bibi harusi nguo asiyoipima.

Liko na jambo jingine kutoka huko huko ambalo twaliona lina uzito zaidi. Mwaka 2008, katika jimbo la Ohio na mji wa Charlotte, wataalamu walifanya jaribio kwenye ofisi za kampuni inayowasaidia watu kujaza hesabu za kodi. Familia za kipato cha chini ziligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walisaidiwa pale pale kujaza fomu ya msaada wa masomo, kazi ya dakika chache tu kwa kuwa habari zao za kodi zilikuwa tayari mezani. Wengine walipewa karatasi ya maelezo, wakaambiwa kiasi wanachoweza kupata, wakaachwa wajaze wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kati ya watoto wa familia zilizosaidiwa, 36 katika kila 100 walikuwa wamesoma chuo miaka miwili, nao wasiosaidiwa walikuwa 28. Na wale waliopewa maelezo peke yake? Hawakuonyesha tofauti yenye maana na wasiopewa chochote.

Hapa twaomba viongozi wetu wasimame kidogo. Sisi tukiona wananchi wamekosa haki yao husema mara moja kwamba elimu haijatolewa ya kutosha. Tunachapa vipeperushi, tunafanya semina, tunatangaza redioni. Jaribio lile laonyesha kwamba mtu aweza kuelimishwa vizuri sana na bado akashindwa, kwa kuwa taabu yake haikuwa kutojua bali ilikuwa fomu yenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Kwa utaratibu uliofuatwa miaka hii ya karibuni, mwombaji wa mkopo huanza kwenye mtandao kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Cheti chake cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA kwa Bara, au na wakala wa Zanzibar anayeshughulika na matukio ya kijamii. Na yatima huhakikisha na cheti cha kifo cha mzazi. Akisha kujaza, huichapa fomu kwenye karatasi, aitie sahihi, mdhamini naye atie sahihi, kiongozi wa mtaa au kijiji atie sahihi na mhuri, kisha mwanasheria au kamishna wa viapo. Ndipo karatasi zipigwe picha na kurudishwa mtandaoni zilikotoka. Yaani safari inaanza kwenye kompyuta, inakwenda kwenye meza tatu nne za watu, na inaishia kwenye kompyuta ile ile.

Mtoto wa mjini ambaye baba yake ana mashine ya kuchapa ofisini na rafiki wakili huimaliza safari hii kwa siku moja. Mtoto wa mkulima huenda mjini mara mbili au tatu, kila mara kwa nauli, na vibanda vya mtandao havimhudumii bure. Na msimu wa maombi mara nyingi huwakuta wahitimu wa kidato cha sita wako makambini JKT, ambako hawawezi kutoka kumfuata mwenyekiti wa kijiji. Bodi yastahili sifa kwa kupata kuwatuma maofisa wake makambini kuwasaidia vijana huko. Hiyo ndiyo njia. Lakini imekuwa kama mwavuli unaotolewa wakati mvua yanyesha, hali paa ndilo linalovuja.

Kila mwaka pia husikika tangazo kwamba baadhi ya maombi yana kasoro, na waombaji wapewa siku kadhaa wayarekebishe: sahihi ya mdhamini haipo, mhuri haupo, karatasi fulani haikuambatishwa. Kutoa nafasi ya kurekebisha ni uungwana. Hata hivyo twauliza, kwa nini fomu iliipokea karatasi isiyokamilika tangu mwanzo? Karani mzuri wa dirishani hampokei mtu barua isiyo na sahihi kisha akamwandikia mwezi mmodi baadaye, humwambia hapo hapo, “Ndugu, hujatia sahihi.” Mtambo nao uweze kusema hivyo, kwa Kiswahili chepesi, siku ile ile.

Watakuwepo watakaotujibu kwamba mihuri hii yote ni kinga dhidi ya waongo, na kwamba wapo wenye mali wanaojifanya maskini. Hilo ni kweli, na fedha ya umma haina budi kulindwa. Lakini mlinzi na achaguliwe kwa kazi. Mwenyekiti wa mtaa wenye nyumba mia tano aweza kuthibitisha kwamba mtu anakaa kwake. Hawezi kuthibitisha kipato chake. Mwongo hapati shida ya mhuri, kwani ana nauli na ana jamaa. Anayepata shida ni mkweli asiye na kitu. Nigeria walikwisha kuonja haya. Sheria yao ya mikopo ya wanafunzi ya Juni 2023 ilidai wadhamini wawili, watumishi wa serikali wa cheo cha juu au wanasheria wa miaka mingi au wenye vyeo vya mfano huo, jambo ambalo mtoto wa mchuuzi hangeliweza kulipata. Kabla fedha hazijaanza kutoka sheria ikafutwa, na mpya ikatiwa sahihi Aprili 2024 bila sharti hilo.

Twaona basi kwamba Bodi ingefaa, kabla ya dirisha la mwaka ujao kufunguliwa, iwaite wanafunzi thelathini hivi kutoka shule za Kigoma, Mtwara, Pemba na kwingineko, iwakalishe na simu zao wenyewe, si kompyuta za ofisini, na wale waliotengeneza mtambo wakae nyuma yao wakiangalia bila kufungua kinywa. Pili, lolote ambalo serikali inalijua tayari lisidaiwe tena kwa mwananchi; RITA ni serikali, Baraza la Mitihani ni serikali, na NIDA ni serikali, na ofisi zake zisemezane zenyewe. Tatu, kila sahihi inayotakiwa iandikiwe sababu yake, na isiyo na sababu ifutwe.

Na liko moja tungependa kulisoma katika taarifa za kila mwaka. Hesabu ya waliopata tunaitangaziwa, na ya waliokosa pia. Hatujapata kutangaziwa idadi ya vijana walioanza kuijaza fomu wasiimalize, na ni katika ukurasa upi waliishia.